Sulhu Si Kunyamazishwa: Dai Lako la Takaful na Meza ya Upatanisho



Leo tunasema na wewe uliyelipa mchango wako wa takaful ukiamini umeingia mahali pa halali. Wewe wa tuktuk. Wewe wa matatu. Wewe mwenye duka la nguo Eastleigh na wewe mwenye mbuzi sitini Wajir. Ulipolipa hukuuliza maswali mengi. Uliona neno takaful, roho ikatulia, ukatia sahihi.

Sasa hasara imetokea na dai lako limekwama. Utafanyaje?

Vijana wetu wengi wanajua njia mbili tu. Ya kwanza ni kunyamaza: "Wacha tu, Mungu atalipa." Ya pili ni kuwaka: kuandika matusi Facebook, kutafuta wakili kwa pesa za kukopa, kwenda korti na kungoja mwaka baada ya mwaka. Iko njia ya tatu. Dini yetu imeisifu na Katiba yetu imeitaja. Inaitwa sulhu, na kwa lugha ya korti inaitwa upatanisho.

Na tuseme mapema kabisa: hatuna maana ya ile sulhu ya kuitwa chemba, kushikwa bega na kuambiwa "sisi sote ni ndugu, samehe kidogo, subiri kidogo." Hiyo ni kunyamazishwa kwa heshima. Tunazungumzia sulhu yenye meza, yenye makaratasi, yenye tarehe na yenye malipo mwisho wake.

HII PESA NI YA NANI?

Hebu tuanze na msingi, maana wengi tumetia sahihi bila kuujua.

Katika bima ya kawaida unanunua ahadi. Ukishalipa, pesa inakuwa ya kampuni, na kampuni inajibebea hatari. Mwaka 1985, Baraza la Fiqhi la Kiislamu la kimataifa lilikutana Jeddah na kuikataa bima hiyo ya kibiashara, likaruhusu bima ya kusaidiana. Ndiyo tunayoiita takaful. Hapa mnachanga nyinyi washiriki. Mchango wako unaingia kwenye mfuko kwa nia ya tabarrui, yaani umetoa kwa ajili ya kumsaidia mwenzako atakayepatwa, na wao wametoa kwa ajili yako. Kampuni ni mwendeshaji. Katika mfumo wa wakala, inalipwa ujira wake uliotajwa kwenye mkataba kwa kazi ya kuuangalia mfuko. Mwisho wa mwaka kukibaki ziada, ina utaratibu wake wa kugawanywa. Mfuko ukipungukiwa, mwendeshaji hutakiwa kuukopesha mkopo usio na riba.

Umeelewa hapo? Mfuko si wa kampuni. Ni wenu.

Basi mtu wa dirishani akikwambia "kampuni haiwezi kulipa pesa zake ovyo," mwambie kwa adabu: pesa ni zetu, wewe umeaminiwa tu. Kazi ya aliyeaminiwa ni mbili, na zote ni nzito. Amlipe anayestahili bila kumzungusha, na amzuie asiyestahili ili amana ya wengine isiliwe.

Lakini usiwe mjinga wa karatasi. Soma mkataba wako pale panapozungumzia ziada. Iko mifumo ambayo mwendeshaji naye hupewa sehemu ya ziada kama tuzo ya kuendesha vizuri. Wanazuoni na wataalamu wamebishana sana juu ya jambo hilo, na sababu yake iko wazi: kila dai linalokataliwa linaongeza ziada, na ziada ikiongezeka tuzo inaongezeka. Mtu anayepata kitu ukikataliwa hawezi kuwa yeye peke yake ndiye mwenye kuamua kama utakataliwa. Hatusemi kila mwendeshaji ni mwizi. Tunasema hata mtu mwema asiwekwe kwenye mtihani wa namna hiyo bila mtu wa tatu katikati.

Huyo mtu wa tatu ndiye mpatanishi.

KADHI HANA MAMLAKA HAPA

Kila mara tukizungumza jambo hili, kijana mmoja atasema: "Si tuende kwa Kadhi tu?" Ndugu yangu, soma Kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010. Mahakama ya Kadhi imepewa mambo ya hadhi ya mtu binafsi, ndoa, talaka na urithi, pale ambapo wote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa hapo. Takaful haimo. Mkataba wako wa takaful, japo una neno la Kiarabu kila mstari, ukifika kortini unafika kwa hakimu au jaji wa kawaida, na mbele yake iko Sheria ya Bima, Sura ya 487, ambayo kwa asili iliandikwa kwa bima ya kibiashara.

Hakimu huyo anaweza kuwa mtu wa haki tupu. Lakini fikiria wakili wako akisimama kueleza tabarrui ni nini na kwa nini ziada si faida. Utalipa gharama ya somo hilo kwa saa. Na usisahau upande wa pili: kampuni nayo ina mawakili, na gharama za kupigana na wewe zikitupiwa mfuko, basi ni michango ya yule mama wa duka la jirani inayotumika kukupinga wewe. Mnapigana wenyewe kwa wenyewe huku mawakili wa pande zote wawili wakienda kula chakula cha mchana.

Mezani pa sulhu mambo ni tofauti. Nyinyi wenyewe mnaweza kukubaliana mpatanishi anayejua fiqhi ya miamala na anayeijua sheria ya Kenya. Mnaweza kuongea Kiswahili, Kisomali, Kiborana. Hakuna kanzu wala joho la kumtisha mama yako. Na Katiba hiyo hiyo, Kifungu cha 159(2)(c), inazitaka mahakama zihimize njia hizi: maridhiano, upatanisho, usuluhishi na desturi za jadi. Si hisani ya mtu. Ni Katiba.

WANAKUMBUKA NUSU YA KISA TU

Sasa njoo kwenye dini, maana ndipo watu wanapochezewa shere.

Qur'ani imeisifu sulhu katika Suratun Nisaa na imeamrisha tupatanishe ndugu katika Suratul Hujurat. Hakuna anayebisha. Na kiko kisa maarufu kimepokewa na Bukhari na Muslim. Ka'b bin Malik alikuwa anamdai Ibn Abi Hadrad. Wakakutana msikitini, ubishi ukapanda mpaka sauti zikamfikia Mtume, rehma na amani zimshukie, akiwa nyumbani kwake. Akafunua pazia, akamwita Ka'b, akamwashiria apunguze nusu ya deni. Ka'b akakubali pale pale.

Hapo ndipo wengi wanapofungia kisa. "Umeona? Swahaba alisamehe nusu. Wewe ni nani usisamehe?"

Ngoja. Kisa hakijaisha. Baada ya Ka'b kukubali, Mtume alimgeukia mdaiwa akamwamrisha ainuke alipe ile nusu iliyobaki.

Angalia vizuri mpangilio wake. Deni lilijulikana, hakuna aliyelikana. Ka'b aliombwa mbele ya mwenzake, hakulazimishwa wala hakufichwa kitu. Na punguzo halikutolewa bure hewani, lilifuatwa na amri ya kulipa, palepale, si "njoo wiki ijayo." Anayekuhubiria nusu ya kwanza akaificha nusu ya pili hakupatanishi. Anakupunguzia haki yako halafu anakuacha na njaa.

Na kumbuka Mtume alifundisha kwamba mwenye uwezo kuchelewesha deni ni dhulma. Akafundisha pia kwamba sulhu yafaa baina ya Waislamu isipokuwa ile inayohalalisha haramu au kuharamisha halali. Basi sulhu inayomlaza mtu mchana kutwa kwenye benchi la mapokezi, miezi mitano, mpaka akubali robo ya haki yake kwa sababu mtoto amefukuzwa shule, tuambie, hiyo iko upande gani?

Wahenga walisema dawa ya deni kulipa. Hawakusema dawa ya deni ni kikao.

DALILI ZA SULHU YA UONGO

Zijue, usije ukapigwa chenga:

1. Mpatanishi ni mfanyakazi wa kampuni, au shekhe anayelipwa na kampuni, na wewe hukuulizwa kama unamkubali. Kamati ya sharia ya kampuni ina kazi yake ya kuangalia bidhaa kama ni halali. Haiwezi kugeuka hakimu wa dai lako.

2. Hujaonyeshwa ripoti ya mkaguzi wa hasara. Wao wameisoma, wewe unabahatisha. Utapatana vipi na mtu anayezijua kadi zako na za kwake?

3. Hakuna tarehe ya mwisho. Kikao kinazaa kikao.

4. Unaambiwa utie sahihi leo leo karatasi inayosema umepokea "malipo kamili na ya mwisho," na ukiomba kuondoka nayo ukaisome unaonekana mkorofi.

5. Wanapatana juu ya kitu kisicho na ubishi. Kama wamekubali dai lako na kiasi kinajulikana, kuna nini cha kupatanisha? Kifungu cha 203 cha Sheria ya Bima kinazungumzia siku 90 za kulipa. Sulhu isitumike kununua muda ambao sheria haikuutoa.

6. Unatishwa kwa dini. "Ukienda mbele unavunja umoja wa Waislamu." Umoja wa Waislamu haujengwi kwa kula amana ya Muislamu.

Ukiona mbili katika hizi, simama uondoke kwa amani. Hujamkosea mtu.

SULHU YENYEWE INAKUWAJE?

Tuchukue mfano wa kubuni, ili ieleweke. Tuktuk yako imegongwa Mombasa, maeneo ya Buxton. Uliandika dai, ukapeleka abstrakti ya polisi. Kampuni inasema mambo mawili: kwanza, siku hiyo aliyeendesha alikuwa mdogo wako na jina lake halikuandikwa kwenye mkataba, pili, fundi wako ameandika bei ya juu mno. Wewe unasema ajenti alikuhakikishia dereva yeyote mwenye leseni anaruhusiwa.

Kortini swali litakuwa moja: mkataba unasemaje? Mezani maswali ni mengi zaidi, na hiyo ndiyo faida. Ajenti alisema nini, na je, kampuni inajibika kwa maneno ya ajenti wake? Mnaweza kupeleka tuktuk kwa fundi wa tatu mliyemkubali wote? Hivi kweli umefanya ukarabati wa siku nyingi ukauingiza kwenye bili ya ajali? Kampuni inaweza kulipa sehemu isiyo na ubishi sasa hivi ili urudi barabarani, halafu iliyobaki ikazungumzwa?

Mpatanishi hatoi hukumu. Hapo ndipo anapotofautiana na muamuzi wa usuluhishi, ambaye mkataba wako huenda umemtaja kwa herufi ndogo, na ambaye akiamua mmefungika. Mpatanishi anasikiliza wote pamoja, anasikiliza kila mmoja peke yake, anapima, anasukuma, lakini kalamu iko mkononi mwako. Usipotaka, hutii sahihi. Yaliyosemwa chumbani hayapelekwi kortini kutumiwa dhidi yako.

Na mkikubaliana, usitoke na mkono wa heri tu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria ya Mienendo ya Madai, kuanzia kifungu cha 59A, imeunda kamati ya kuwaidhinisha wapatanishi, na 59D inasema makubaliano yaliyofikiwa kwa msaada wa mpatanishi aliyehitimu yaandikwe na yanaweza kusajiliwa mahakamani yakawa na nguvu ya hukumu. Soma tena hiyo sentensi. Sulhu yako ikisajiliwa, kampuni isipolipa, hurudi kuomba. Unatekeleza.

Hata kama kesi tayari iko kortini hujachelewa. Upatanisho unaoambatana na mahakama ulianza Nairobi, Milimani, mwaka 2016, na kanuni zake ziliwekwa kwa kipimo cha siku 60. Siku sitini, si miaka sita.

MALAYSIA WALIFANYA NINI

Msituambie haiwezekani. Malaysia walipitisha sheria ya takaful mwaka 1984. Waligundua mapema kwamba mwananchi wa kawaida hawezi kushindana na kampuni kortini. Wakawa na ofisi ya upatanisho wa mambo ya fedha mwaka 2005, na mwaka 2016 ikageuzwa kuwa ofisi ya mtetezi wa wateja wa huduma za fedha. Bima ya kawaida na takaful, zote ndani. Mlalamishi halipi hata senti. Madai ya takaful yaliwekewa kiwango cha hadi ringgit 250,000, na kulikuwa na kiwango kidogo zaidi kwa uharibifu wa mali ya mtu wa tatu katika ajali za magari.

Utaratibu wenyewe ni wa busara. Kwanza unalalamika kwa kampuni. Isipokuridhisha, unakwenda kwenye ofisi ile. Wanajaribu kuwapatanisha. Ikishindikana, mtu huru anaamua. Sasa sikiliza hapa: ukiukubali uamuzi, kampuni imefungwa nao. Usipoukubali, wewe uko huru kwenda mahakamani. Mizani imeinamishwa kidogo upande wa mnyonge, kwa makusudi, kwa sababu mwenye nguvu hahitaji kusaidiwa.

Na swali la sharia likizuka mahakamani, sheria ya benki kuu yao ya mwaka 2009 inataka lipelekwe kwa baraza la wanazuoni wa benki hiyo, na jibu lake linafuatwa. Mnaweza kubishana kama hilo la mwisho linafaa Kenya. Lakini la kwanza halina ubishi. Kenya ilipata kampuni yake ya kwanza ya takaful mwaka 2011. Kizazi kimoja cha vijana kimekua na neno hili masikioni. Meza huru ya kudumu ya upatanisho wa takaful, yenye wapatanishi waliotangazwa majina na tarehe zilizotangazwa, ni jambo la kudai kwa sauti, kwa Mamlaka ya kudhibiti bima na kwa waendeshaji wenyewe.

WAJIR: PALE SETILAITI INAPOONA KIJANI

Tuchukue jambo zito zaidi, la ndugu zetu wa kaskazini.

Mwaka 2010, bima ya mifugo inayotumia setilaiti ilianzishwa Marsabit na watafiti wa ILRI pamoja na wenzao. Mwaka 2013 sura yake ya takaful ikaingia Wajir, na mwaka 2014 wafugaji wa Wajir wakapokea malipo. Ni jambo la kujivunia. Mfugaji aliyekuwa hana bima yoyote kwa sababu ya dini yake alipata mlango.

Lakini elewa inavyofanya kazi. Hakuna anayekuja kuhesabu mizoga. Setilaiti inapima ukijani wa malisho katika eneo zima. Ukijani ukishuka chini ya kiwango kilichoandikwa, wote wa eneo hilo wanalipwa. Usiposhuka, hakuna anayelipwa, hata kama zizi lako limebaki na kamba tu. Huenda eneo kwa jumla lilipata mvua na kijiji chako kikaachwa. Huenda kilicho kijani ni kichaka ambacho mbuzi hali. Setilaiti haijui njaa ya mbuzi.

Mfugaji huyo akienda kortini atashindwa. Mkataba uko wazi. Je, sulhu itamsaidia?

Hapa tuwe wakweli. Sulhu haiwezi kuufanya mfuko ulipe kile ambacho washiriki hawakukubaliana. Pesa ile ni ya wafugaji wengine, na huruma ya kutoa cha mwenzako si huruma. Lakini sulhu inaweza kuuliza swali ambalo mkataba hauulizi: aliyekuuzia alikwambia nini? Kama ajenti alipita mabomani akisema "mnyama akifa utalipwa," basi kuna mtu amepotosha, na kosa la mwendeshaji halilipwi na mfuko wa washiriki. Linalipwa na mwendeshaji, kwenye ujira wake. Hapo yako mambo ya kuzungumza: kurudishiwa mchango, nafuu ya msimu ujao, mipaka ya maeneo kuchorwa upya, ajenti kuondolewa, maelezo kutolewa kwa Kisomali na Kiborana kabla ya mtu kutia dole gumba.

Na mezani waketi wazee wanaoijua ardhi hiyo, na wanawake pia, maana mbuzi wengi ni wao wanaowalea. Sulhu ya mifugo inayofanywa Nairobi kwenye jumba la ghorofa kumi, na mfugaji akisikiliza kwa simu, ni mchezo wa kuigiza.

PALE SULHU ISIPOFAA

Si kila jambo ni la meza. Kama kuna ulaghai wa wazi, sahihi ya kughushi, pesa za mfuko zimeibwa, hilo ni la polisi na la Mamlaka. Ukilifungia chumbani kwa siri utakuwa umemlinda mwizi aendelee kwa mwingine.

Kama kampuni inatumia kifungu kibaya kuwakataa mamia ya watu, kupatana mmoja mmoja kimya kimya kunaifanya idumu. Hapo tunahitaji malalamiko ya pamoja na pengine hukumu ya hadharani itakayowafunga wote. Siri ya sulhu ni dawa ya ugomvi wa watu wawili. Kwa dhulma ya watu wengi, siri hiyo hiyo inakuwa sumu.

Na kama kuna mtu aliyeumia, yule abiria au mpita njia aliyegongwa, haki yake haiko mfukoni mwako. Wewe na kampuni hamwezi kuketi mkapunguziana fidia ya mguu wa mtu mwingine.

Jambo la mwisho hapa: angalia saa. Kwa madai ya mkataba sheria ya Kenya inatoa miaka 6. Inaonekana mingi mpaka uzungushwe. Sulhu isije ikakulaza mpaka mlango wa korti ukafungwa.

NA WEWE JE?

Haiwezekani tuwaseme waendeshaji tukakuacha wewe.

Kijana anagongwa taa moja, anaandika taa mbili, kioo na mlango. Anacheka maskani: "Si bima italipa?" Bima gani? Tumeshasema mfuko ni wa nani. Umemwibia yule mama wa duka, umemwibia yatima ambaye marehemu babake alichanga. Katika bima ya kibiashara unaweza kujidanganya kwamba umemwibia tajiri. Katika takaful huna hata huo udhuru.

Mtume alionya kwamba mtu anaweza kuwa hodari wa kujieleza kuliko mwenzake akahukumiwa kwa ajili ya ufasaha wake, na alichopewa kikawa ni kipande cha moto. Ukienda mezani nenda na ukweli mtupu, hata ule unaokuumiza. Kama leseni ya mdogo wako ilikuwa imekwisha, sema. Mpatanishi mzuri ataugundua uongo wako mapema, na siku hiyo ukweli wako wote utakosa bei.

Tunaweza kudai uaminifu kwa ukali kwa sababu na sisi tunauleta.

FANYA HIVI KUANZIA LEO

Kama hujatia sahihi, uliza kabla: mgogoro ukitokea tunakwenda wapi? Mpatanishi anachaguliwa na nani? Nani anamlipa? Baada ya siku ngapi? Ziada inagawanywaje? Asiyeweza kukujibu maswali hayo matano hajawa tayari kushika pesa yako.

Kama umeshatia sahihi, omba nakala kamili ya mkataba. Weka picha za ajali, abstrakti, risiti, na kila ujumbe wa WhatsApp wa ajenti. Usifute hata mmoja.

Kama dai limekwama, andika barua. Barua, si simu. Taja tarehe uliyoripoti, taja unachodai, omba ripoti ya mkaguzi, na uandike wazi kwamba uko tayari kwa upatanisho mbele ya mpatanishi huru mtakayekubaliana. Mpe muda maalum wa kujibu. Akikataa au akinyamaza, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya kudhibiti bima pamoja na barua yako. Korti iko pale pale na haki ya kuiendea haijaondoka, lakini sasa utaingia ukiwa ndiye uliyetafuta amani na mwenzako ndiye aliyeikataa. Hakimu yeyote anaona tofauti hiyo.

Na wewe shekhe kijana, ustadh, mwanafunzi wa sheria, dada uliyemaliza chuo unatafuta la kufanya: kaweke jina lako kwenye mafunzo ya upatanisho. Tunahitaji watu wanaoweza kusoma fiqhi ya miamala kwa jicho moja na Sheria ya Bima kwa jicho la pili. Tukiendelea kulalamika kwamba wapatanishi hawatuelewi na huku hakuna anayejitokeza, malalamiko yetu yatabaki kuwa stori za baraza.

Ndugu yetu, dada yetu, usikubali kuchaguliwa baina ya ukimya na vita. Kaa mezani ukiwa umenyooka mgongo. Punguza ukitaka kupunguza, kwa hiari yako, baada ya kuona karatasi zote. Lakini usiondoke na nusu ya kisa. Nusu ya pili ni mdaiwa kuinuka na kulipa.

Sambaza ujumbe huu kwa yule unayemjua ambaye dai lake limelala.

Wabillahi tawfiq.